Mume Wangu Waliyemwita kwa Mikro

Nilichomoa waya. Sikuukata kwa kisu, wala sikumpiga mtu benchi kichwani, kama walivyoeneza kwenye avenyu yetu kabla hata sijafika nyumbani. Niliingia kwenye sinema Jumapili mchana, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaliana magotini, nikapita katikati yao, nikashika waya mnene unaotoka kwenye grupu, jenereta ya umeme, kule nje, nikauchomoa. Picha ikazima. Sauti ikazima. Wanaume wote wakaanza kunitukana kwa pamoja.

Sikufanya hivyo kwa ajili ya filamu. Nilifanya kwa ajili ya kitu nilichokiona nyuma ya rido, lile pazia la pembeni, pale anapokaa mutafsiri. Mtoto wangu wa kike, ambaye alikuwa hajaanza hata shule, alikuwa amesimama kati ya magoti ya mwanaume nisiyemjua. Alikuwa amevaa gauni lake la Noeli, na kiatu cha kulia kiko kushoto. Mwanaume yule alikuwa anasema kwenye mikro kwa sauti ya mume wangu. Na mtoto alikuwa ameinua uso anamwangalia ndani ya mdomo, kama mtu anayetafuta kitu kilichoangukia kisimani.

Mume wangu amekufa. Nalisema mapema, ili asiwepo wa kungoja.

Yeye ndiye alikuwa mutafsiri wa ukumbi ule. Filamu zinazofika Bunia zinasema lugha za watu wengine, na wengi wetu hatuzisikii, basi lazima awepo mtu wa kutuambia. Anakaa pembeni, nyuma ya rido, na mikro mkononi. Wenye filamu wakianza kusema, anapunguza sauti yao na kuweka yake. Mume wangu alikuwa na Kifaransa cha shule na Kiingereza cha kubahatisha. Pale asipoelewa alitunga, na pale alipotunga ndipo watu walipocheka zaidi. Gari la kwenye filamu likivuka daraja, alisema limevuka mto wetu Shari na sasa mapolisi wa barabara wanalingojea upande wa pili. Watu wakianza kubusiana, alisema, "Bamama, mufunge macho. Nitawaambia ikiisha." Wamama tulifunga, tukaacha vidole wazi.

Mara ya kwanza kwenda nilikuwa bado sekondari, mwaka wa tano, nimetoka kanisani na wenzangu. Nilichelewa kuingia. Akasimamisha filamu, kweli akaisimamisha, dereva wa kwenye filamu amebaki mdomo wazi, akasema kwenye mikro kwamba mwenye kikwembe cha manjano, yaani mimi na kitenge changu, akae haraka, shujaa anamngojea. Ukumbi ukacheka. Mimi sijazaliwa na aibu nyingi. Nikajibu kwamba shujaa anayengoja wanawake hatafika Komanda leo. Wakacheka zaidi, na safari hii walimcheka yeye. Tangu siku ile, kila filamu niliyokuwepo, dereva yule alikuwa na mpenzi wa kikwembe cha manjano, hata kama mwanamke wa kwenye picha amevaa suruali.

Dereva huyo ndiye aliyekuwa mfalme wa ukumbi. Filamu yake ilikuja sehemu kwa sehemu, mwaka huu moja, mwaka kesho nyingine. Alikuwa na lori kuukuu na maadui wasioisha, na kila sehemu ilikwisha yeye akiondoka tena, nasi tukabaki tunabishana mpaka sehemu inayofuata. Watu wa kartie, mtaa wetu wote, walimjua kuliko walivyomjua mbunge wao. Niliwasikia wamama sokoni, mafungu ya mboga za lengalenga mbele yao, wakigombana kama dereva alikosea kumwamini yule polisi. Mtoto wa jirani alipopata ugonjwa wa macho, waliita jicho lake jicho la yule polisi wa filamu. Lakini niseme kweli, walichokipenda kilikuwa ni dereva yule jinsi mume wangu alivyomsema. Aliyesema kwa Kiingereza hawakuwahi kumjua.

Niliolewa naye. Nikapata mtoto siku ambayo yeye alikuwa ukumbini anatafsiri sehemu ya tano. Habari ilimfikia filamu ikiwa katikati, dereva amejificha chini ya lori, risasi zinapita. Mume wangu akasema kwenye mikro, "Pole kidogo, ndugu. Mbele ya huyu kufa ao kupona, mujue mimi njo nimekuwa baba. Ni binti. Tuendelee." Watu wanasema ukumbi ulipiga makofi hadi hawakusikia jinsi dereva alivyotoka chini ya lori. Mwenye sinema alikuwa anarekodi kila tafsiri, ili azionyeshe tena na kuziuza. Basi maneno yale yamo ndani ya sehemu ya tano mpaka leo. Binti yangu alizaliwa ndani ya filamu.

Halafu simu zikaingia. Kila mahali kukawa na kibanda ambapo unatoa kadi ya simu yako, wanakujazia filamu, unaondoka nazo mfukoni. Wenye uwezo walinunua mega za intaneti na kuangalia moja kwa moja, wamelala kitandani, kila mtu na dereva wake mdogo kama kidole. Ukumbi ukaanza kupungua. Zamani tulikuwa tunakaa watu watano kwenye benchi la watatu. Sasa ukaona benchi zima limekaliwa na mtu mmoja amelala. Mwenye sinema, muzee ambaye hakuwahi kufanya kazi nyingine, alitembea mbele ya mlango wake mikono nyuma kama mwenye msiba.

Mume wangu hakukasirika. Alisema kama watu hawaji, tutawafuata. Wakapakia televisheni na grupu kwenye gari la bidhaa, wakaanza kwenda kuonyesha siku za soko: Irumu, halafu Komanda. Ilikuwa ni wakati wa amani, yaani ile wanayoiita amani. Redio inasema amani, na barabarani kuna vizuizi. Unapanda gari asubuhi, mama mukwe anakuombea kama unakwenda kupasuliwa.

Kwenye njia ya Komanda gari lao lilishambuliwa. Waliotoka porini kwa miguu walitoka. Yeye hakutoka. Waliokwenda kutafuta walikuta gari limeungua, na grupu, na hakuna wa kunionyesha hata kiatu. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Tulingoja. Mvua zikaja, zikaondoka, zikaja tena. Wazee wa ukoo wake wakakaa, wakasema roho ya ndugu yao haiwezi kubaki barabarani kama mbuzi. Kwa desturi yao, mtu ambaye mwili haukupatikana anazikiwa mgomba. Wanakata shina la mgomba lenye urefu wa mtu, wanalivika nguo zake, wanalifunga mkeka, wanalilia, wanalishusha. Mimi ndiye niliyefunga vifungo vya shati. Shina la mgomba lina maji. Shati lake lilinilowea mkononi kama jasho.

Na desturi hiyo ina sharti, wote tuliambiwa pale kaburini: ukishazika mgomba umefunga mlango. Humwiti tena. Humtumii salamu, humwekei sahani, husemi "akirudi". Ukimwita, unawaumiza wote wawili, yeye na anayebaki. Mwenye sinema alikuwepo. Alileta mchele, alilia, alishika jembe. Alisikia kila neno.

Nilijaribu kulifuata sharti lile. Lakini unafungaje mlango katika mji ambao kila simu ina sauti yake? Nilikuwa sokoni nanunua mboga ya sombe, mume wangu anasema nyuma yangu kwamba dereva ameishiwa mafuta. Motari ananipita na pikipiki yake, mume wangu yuko mfukoni mwake anacheka. Mara moja, kwenye foleni ya zahanati, kijana mmoja alikuwa anaangalia sehemu ya tano, nikajisikia natangaziwa uzazi wangu mbele ya watu. Mtoto akaruka. "Baba anasema mimi," akawaambia wagonjwa wote. Wakacheka kwa wema.

Nyumbani nilikuwa namwekea mtoto sehemu ile kwenye simu, sikatai. Alikuwa hali bila kusikia maneno yale ya "ni binti". Nilimwambia baba amekufa. Alinitazama kama mtu anayedanganywa na mama asiyejua kudanganya. Amekufa vipi na anasema?

Basi ikafika sehemu ya mwisho ya filamu ya dereva. Kwenye simu ilikuwa imefika kitambo. Mdogo wangu wa kike, anayesoma chuo, aliiona yote kwa mega zake, kwa Kiingereza. Nikamuuliza ikoje. Akafikiri, akasema ni muzungu mmoja anaendesha gari. Hata kuisimulia alishindwa. Na kartie nzima ilikuwa hivyo: filamu wanayo mfukoni na hawaifungui. Walisema wanangoja itafsiriwe. Muzee mmoja fundi wa viatu alisema yeye hawezi kumwona dereva anakufa katika lugha ambayo hajui kama anakufa.

Mwenye sinema aliliona hilo. Akampata mwanaume aliyekimbia vita Djugu, zamani alikuwa katekista, sasa anaishi na wanawe katika kambi ya waliokimbia. Yule mwanaume alikuwa anajua kusema kama mume wangu. Alijua kila kitu: kukohoa kwake kabla ya risasi, "pole kidogo, ndugu", hata mpenzi wa kikwembe cha manjano. Mpaka hapo sina neno. Watu huigana.

Lakini mwenye sinema hakusema amepata mutafsiri mpya. Alimkodi motari mwenye bafle, spika kubwa, akampitisha kwenye avenyu zetu tangu asubuhi, na bafle ile ilikuwa inasema hivi: "Jumapili, sehemu ya mwisho. Na mwenye sauti mwenyewe amerudi. Muje mumusikie, amerudi."

Na bafle ikataja jina la mume wangu.

Nilikuwa naanika nguo. Mtoto alikuwa amechuchumaa kwenye vumbi, anapika majani katika kopo. Nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilipolisikia jina lile na neno lile, mimi niliyefunga vifungo vya shati, niliangalia kwenye mlango wa kiwanja. Niliangalia, na mkono ukaenda wenyewe kurekebisha kitambaa cha kichwa.

Mtoto akasema, "Mama, umesikia?"

Nikamwambia ni uongo. Nikamwambia aingie ndani. Jumapili nilipotoka kisimani sikumkuta, na gauni la Noeli halikuwa msumarini. Viatu alikuwa amevivaa mwenyewe.

Mengine nimeshayasema. Nilipochomoa waya, yule mwanaume alinyamaza na mikro mdomoni, na mtoto akamgusa shavu. Akamwambia polepole, kama anayemsaidia, "Endelea. Sema ni binti."

Yule mwanaume akaanza kulia. Alikuwa hajui kitu. Aliambiwa mutafsiri wa zamani alihamia Kampala. Akaniambia, "Mama, unisamehe. Mu kambi siye tulikuwa tunamusikiaka kila siku. Yeye njo alitufanya tucheke kule, wakati hatukuwa na kitu ya kucheka." Nilitaka kumpiga. Mkono ulikuwa tayari. Halafu nikaona viatu vyake vimetoboka, nikaushusha.

Ukumbi ulikuwa unapiga kelele nirudishe umeme. Mmoja akasema, "Weye mama, dereva iko juu ya daraja, unatuacha na roho mukononi." Mwingine akamjibu kwamba wajane siku hizi wanakuwa kama SNEL, shirika la umeme, wanakata bila kutangaza. Wengine wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nilijua mume wangu angecheka pia. Fundi wa viatu peke yake alisimama, akavua kofia, akatoka, na wachache wakamfuata. Waliobaki walitaka mwisho wao. Sijui kama dereva alifika. Mdogo wangu alitaka kuniambia, nikamkataza.

Mwenye sinema alinifuata mpaka nje. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alisema, "Binti yangu, siku ngapi ukumbi haujajaa? Walikuja kwa ajili yake. Hata akiwa kaburini anajaza ukumbi. Si ni heshima?" Nikamwambia kaburini kuna mgomba, na yeye alishika jembe. Nikamwomba jambo moja: atume motari apite tena, aseme haikuwa kweli. Akasema akifanya hivyo hakuna atakayeamini tena tangazo lake, na simu zitamaliza kazi yake. Akaniambia nivumilie, mtoto atakua, atasahau.

Mtoto hakusahau. Kila Jumapili alivaa gauni, akakaa kwenye mlango wa kiwanja. Nikimwambia ingia ule, anasema anangoja filamu iishe, baba atoke. Nilimpeleka kwenye kaburi, akaniuliza kama baba ni mgomba. Nilimwita yule katekista aje amsemeshe mtoto kwa sauti yake mwenyewe. Akaja, mtu mstaarabu, akasema kwa sauti nyembamba ya Djugu, akampigia magoti. Mtoto akamsikiliza vizuri. Akamuuliza, "Na ile sauti ya baba umeiweka wapi?"

Ndipo nilipokwenda kwenye biro ya kartie, ofisi ya mtaa. Sekretere alinisikiliza huku anafuta vumbi kwenye muhuri. Akasema kuiga sauti haiko kosa. Nikamwambia sishitaki sauti, nashitaki tangazo: ameitwa mtu aliyekufa. Akaomba karatasi ya kifo. Nikamwambia mwili haukupatikana, hakuna daktari aliyeandika. Akafungua vitabu vyake, akatafuta, akafurahi kupata jibu.

"Mama, mu vitabu vyetu bwana yako iko muzima. Mutu ametangaza kama mutu muzima amerudi. Kosa iko wapi?"

Nilikaa kwenye benchi lao muda. Mama mmoja aliyekuja kwa mambo ya mpaka wa shamba akanipa kitambaa nijifute. Sikuwa nalia; nilikuwa natoka jasho kwa hasira. Nikamwomba sekretere karatasi na kalamu. Akasema yeye ndiye anaandika, kwa Kifaransa. Nikamwambia nimemaliza sekondari, nina diplome, na nitaandika kwa lugha ambayo mwenye sinema atasomewa bila mutafsiri.

Niliandika hivi. Walipiga muhuri, na nakala ninayo.

*Bwana Shefu wa Kartie,*

*Mimi niliyetia sahihi hapa chini, mkaaji wa komine ya Shari, namshitaki mwenye sinema ya kartie yetu. Alipitisha tangazo kwamba mume wangu amerudi. Hakurudi. Mimi na ukoo wake tulizika mgomba mahali pake, na aliyezikiwa mgomba haitwi tena. Mshitakiwa analijua sharti hilo, alikuwepo siku ile na alikula nasi.*

*Sekretere wako anasema katika vitabu mume wangu yu hai. Kama ni hivyo, andika kwamba tuko washitaki wawili, mimi na yeye, maana jina lake limetumiwa bila kumwuliza. Na akija hapa bironi kukanusha, niiteni haraka, nitalipa faini, amande yoyote mtakayotaka.*

*Simshitaki anayetafsiri sasa. Ana watoto, aendelee na kazi, lakini atangazwe kwa jina lake.*

*Siombi faranga. Ukumbi usifungwe, watu wanaupenda na mimi niliolewa humo. Naomba motari yuleyule, na bafle ileile, apite kwenye avenyu zilezile, mchana, aseme kwamba yule mwanaume alikufa kwenye njia ya Komanda na kwamba aliyesema Jumapili ni mtu mwingine. Aseme na jina, kama alivyolisema kwanza. Akifika mbele ya kiwanja changu apunguze mwendo, kwa sababu pale mlangoni kuna mtoto amekaa.*

*Mimi nimeshamwambia. Nimemwambia kwa upole na nimemwambia kwa ukali. Ananijibu kwamba mimi sina mikro.*